Uzi: Kani zinazoitikisa chembe nyekundu ya damu, na kwa nini utando uliowambwa hukizuia kimelea cha malaria

MwalimuWaPwani (mleta uzi)

Wanajukwaa, salaam.

Nimefundisha biolojia katika shule za sekondari kwa miaka 19, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nimechora seli ubaoni kama mfuko wa maji wenye kiini na vitu kadhaa vinavyoelea. Kila kilichotokea ndani ya mfuko huo nilikieleza kwa kemia: protini hii inashikana na ile, kimeng'enya hiki kinakata, kile kinaunga. Sikuwahi kuwaambia wanafunzi kwamba seli husukumwa, huvutwa, hubanwa na kunyooshwa muda wote wa uhai wake, na kwamba jinsi inavyozipokea kani hizo inaweza kuamua ni mtoto gani atalazwa kwa malaria kali na ni yupi atakayebaki nyumbani akicheza. Naleta uzi huu ili nilipe deni hilo. Nitaegemea mfano mmoja ambao umechunguzwa hapa kwetu Kilifi, pwani ya Kenya, kwa kuwa naamini unafundisha zaidi kuliko mifano kumi iliyoguswa juu juu.

Chembe nyekundu ya damu ina upana wa takriban mikromita 8, yaani chembe 125 zikipangwa mstari mmoja zinafikia milimita moja. Haina kiini. Umbo lake ni la kisahani kilichobonyea pande zote mbili, na umbo hilo lina maana kubwa. Ujazo wa chembe ni kama mikromita za ujazo 90, na utando unaoifunika una eneo la kama mikromita za mraba 135. Ukichukua kalamu ukakokotoa tufe lenye ujazo uleule, utaona kwamba lingetosheka na utando wa mikromita za mraba 97 tu. Kwa hiyo chembe ina utando wa ziada wa karibu asilimia 40, na ziada hiyo ndiyo inayoiwezesha kujikunja, kurefuka na kupenya katika vishipa vilivyo vyembamba kuliko yenyewe. Katika bandama hupita kwenye nyufa zenye upana usiozidi mikromita moja hivi, na hufanya safari hizo kwa muda wa siku 120 kabla ya kuondolewa kwenye damu. Puto lililojazwa hewa mpaka likakaza haliwezi kupita tundu dogo kuliko lenyewe, lakini puto lililojazwa nusu hupita.

Chini ya utando kuna wavu. Nyuzi zake ni protini iitwayo spektrini, na mafundo yake yameshikwa na vipande vifupi vya protini nyingine, aktini, ambapo kila fundo hupokea nyuzi sita hivi, hata matundu ya wavu yakawa ya pembetatu. Uzi mmoja wa spektrini ukinyooshwa wote hufikia nanomita 200, lakini ndani ya chembe iliyotulia umbali baina ya mafundo ni kama theluthi moja ya urefu huo, kwa sababu uzi umejikunja na hufanya kazi kama springi. Wavu huu umefungwa kwenye utando kwa protini nyingine, zikiwemo ankirini na ile iitwayo bendi ya 3. Utando wenyewe, ambao ni tabaka mbili za mafuta, hupinda kwa urahisi sana lakini hautanuki: ukiongezwa eneo kwa zaidi ya asilimia 3 au 4 hupasuka. Kwa hiyo ulaini wa chembe hautokani na kutanuka kwa utando. Unatokana na ulegevu wa ule utando wa ziada, pamoja na springi zilizo chini yake.

Sasa tuje kwenye neno lililobeba uzi huu, nalo ni mvutano. Anayewamba ngoma huivuta ngozi ikakaza, na ngozi iliyokaza hutetemeka tofauti na iliyolegea. Utando wa chembe nyekundu nao umewambwa, ila kwa kiwango kidogo mno. Ukiitazama chembe hai kwa hadubini nzuri utaona ukingo wake hautulii, unapepea kwa makumi ya nanomita kutokana na joto la kawaida linalozifanya molekuli za maji ziugonge kutoka kila upande. Utando uliolegea hupepea sana, uliokaza hupepea kidogo. Kwa kurekodi video ya mpepeo huo na kuupima, wanafizikia wanaweza kukokotoa mvutano wa chembe moja moja bila kuigusa.

Kimelea cha malaria kinahusikaje? Umbo lake linalovamia chembe nyekundu linaitwa merozoiti, na lina urefu wa zaidi kidogo ya mikromita moja. Likitoka katika chembe iliyopasuka, lina dakika chache tu za kupata chembe nyingine kabla halijapoteza uwezo wa kuvamia. Hutua juu ya utando, huushika, na utando hujikunja na kulizunguka. Kisha merozoiti hugeuka ili ncha yake ielekee kwenye utando, hufunga kiungo imara, na hujivuta ndani kwa mtambo wake wa protini za aktini na miosini. Tangu kugusa mpaka kuingia kwa kawaida haifiki dakika moja. Wahenga walisema mwamba ngoma huivutia kwake, na merozoiti hufanya hivyohivyo kwa utando: huuvutia kwake mpaka umfunike. Lakini utando uliokwisha kukazwa hauna ulegevu wa kuvutwa.

Hapo ndipo Dantu inapoingia. Dantu ni aina ya nadra katika mfumo wa makundi ya damu uitwao MNS. Inatokana na kuchanganyika kwa jeni mbili zilizo jirani katika kromosomu ya 4, zile zinazotengeneza glikoforini A na glikoforini B, hata ikapatikana protini chotara ambayo nusu yake ni ya jeni moja na nusu ni ya nyingine. Hupatikana kwa kiasi cha kuonekana katika sehemu za Afrika Mashariki, na hapa Kilifi karibu mtu mmoja katika kila kumi ana nakala yake moja. Utafiti uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba nakala moja hupunguza hatari ya malaria kali kwa takriban asilimia 40. Mwenye nakala mbili hupata kinga ya takriban asilimia 74, kiwango kinachokaribia kile cha watu wenye nakala moja ya jeni ya selimundu.

Lakini kwa nini? Mwaka 2020 jibu lilitoka kwa ushirikiano wa watafiti wa kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI-Wellcome Trust hapa Kilifi na wenzao wa Cambridge, wakiongozwa na Silvia Kariuki na mwanafizikia Viola Introini. Walichukua damu ya watoto 42 wenye afya wa Kilifi, wengine bila Dantu, wengine wakiwa na nakala moja, wengine mbili. Waliwarekodi merozoiti wakivamia, na wakapima mvutano wa chembe zilizovamiwa na zilizoponyoka. Waligundua kwamba kuna kiwango cha mvutano ambacho kikipitwa uvamizi hutokea kwa nadra sana, na kwamba chembe za Dantu kwa wastani zina mvutano mkubwa zaidi, kwa hiyo nyingi zaidi huwa juu ya kiwango hicho. Nimeusoma utafiti huo mara nyingi, na kila mara najiuliza ni wanafunzi wangapi wa pwani hii wamefaulu mtihani wa biolojia bila kuambiwa kwamba damu ya majirani zao ndiyo iliyofunua jambo hili.

Karibuni kwa maswali.

MtaalamuWaMaabara

Mwalimu, ahsante kwa uzi uliotulia. Hata hivyo nina shaka moja ambayo sitaki niipite. Glikoforini ni miongoni mwa protini ambazo kimelea huzitumia kama vishikio vya kushikilia chembe, na umeeleza wewe mwenyewe kwamba Dantu hubadilisha glikoforini. Maelezo mepesi si kwamba vishikio vimeharibika, basi kimelea kinakosa pa kushika? Kwa nini tuende mpaka kwenye mvutano wa utando wakati kemia inatosha?

MwalimuWaPwani

Mkuu, shaka yako ni ya haki, na watafiti wenyewe walianzia hapohapo. Walikuta kwamba uso wa chembe ya Dantu umebadilika katika protini nyingi, si glikoforini peke yake. Lakini vimelea vya Plasmodium falciparum, aina inayoleta malaria kali zaidi, havitegemei kishikio kimoja. Kuna aina zinazopendelea kishikio hiki na nyingine kile. Kama tatizo lingekuwa kishikio fulani kuharibika, aina zinazokitegemea zingekwama na nyingine zingepita bila shida. Watafiti hawakuona mpangilio huo: kuzuiwa kwa uvamizi hakukufuata kishikio chochote mahususi.

Hoja ninayoiona kuwa nzito zaidi ni nyingine. Kiwango cha mvutano kilifanya kazi hata katika chembe zisizo na Dantu kabisa. Damu ya mtoto yeyote ina chembe za kila namna, nyingine zimelegea na nyingine zimekaza, na katika damu hiyo ya kawaida pia merozoiti walifanikiwa kuingia kwenye zilizolegea na kushindwa kwenye zilizokaza. Huwezi kulieleza hilo kwa kishikio ambacho chembe zote hizo zinacho sawa. Hii haimaanishi kemia haina kazi. Inaelekea kabisa kwamba protini chotara hubadilisha jinsi utando unavyoshikamana na wavu ulio chini yake, na mabadiliko hayo ya kikemia ndiyo yanayoukaza utando. Kemia inatangulia, lakini pigo la mwisho ni la kani.

BintiFizikia

Habari zenu. Mimi nasoma fizikia, na nimeshangazwa na tarakimu. Kiwango hicho cha mvutano nilikiona kikitajwa kuwa takriban nyutoni 0.00000038 kwa mita. Mvutano wa uso wa maji ni nyutoni 0.072 kwa mita, ambao ni karibu mara laki mbili zaidi. Je, kitu kidogo kiasi hicho kinawezaje kuzuia chochote? Na swali la pili: kama chembe za Dantu zimekaza, mbona hazikwami katika zile nyufa za bandama?

MwalimuWaPwani

Dada, tarakimu uliyoitaja ndiyo hiyo, na ulinganisho wako unaonyesha vizuri jinsi utando wa chembe ulivyo mlegevu. Ila tusiulinganishe na maji, tuulinganishe na misukosuko iliyopo katika ukubwa ule. Mpepeo niliouelezea hutokana na nishati ya joto, ambayo katika mwili wa binadamu ni kama juli 0.0000000000000000000043 kwa kila njia ya mtikisiko. Mvutano mdogo kama huo unatosha kabisa kuupunguza mpepeo huo kiasi cha kupimika kwenye video. Na hatua ya kwanza ya uvamizi, ile ya utando kujikunja ukimzunguka merozoiti, inategemea ulegevu uleule unaouruhusu utando kupepea. Kwetu sisi wenye kilo makumi, tarakimu hiyo ni sawa na hakuna. Kwa kiumbe cha mikromita moja ambacho lazima kiukunje utando katika sekunde chache, ni kikwazo.

Kuhusu bandama, tofautisha mambo mawili: mvutano wa utando wakati chembe imetulia, na uwezo wa chembe nzima kubadili umbo inaposukumwa na damu. Chembe ya Dantu bado ina utando wa ziada wa kutosha na bado ina springi zake. Ongezeko la mvutano ni dogo, limevuka tu mstari unaomsumbua merozoiti, bila kuisogeza chembe mbali na hali ya kawaida. Ndiyo maana watu wenye Dantu wanaishi bila ugonjwa wa damu unaoonekana. Kuna hali nyingine ambako ukakamavu ni mkubwa zaidi, kwa mfano chembe za umbo la yai zinazopatikana Papua New Guinea na visiwa vya jirani, ambazo hutokana na upungufu mdogo katika ile protini ya bendi ya 3. Nazo huwakinga watoto na malaria ya ubongo, lakini hazijawahi kuonekana kwa uhakika kwa mtu aliyerithi nakala mbili na kuzaliwa na kukua bila matibabu makubwa. Dantu haitozi gharama hiyo.

MamaZawadi

Mwalimu, mimi si mtu wa sayansi, lakini nimesoma mpaka mwisho. Nimezaliwa Kaloleni na wanangu wawili nimewazaa huko. Mmoja aliugua malaria mpaka akapoteza fahamu, mwingine hata homa kali hajapata. Je, kadi ya hospitali inayoonyesha kundi la damu inaweza kuniambia kama huyu wa pili ana Dantu? Na akiwa nayo, kuna haja tena ya chandarua?

MwalimuWaPwani

Mama, shikamoo. Pole sana kwa yaliyompata mwanao, na nashukuru kwamba umeyaweka hapa.

Kadi ya kawaida haitakuambia. Inaonyesha mfumo wa ABO, yaani A, B, AB au O, pamoja na alama ya chanya au hasi ya mfumo wa Rh. Dantu iko katika mfumo mwingine, na kuipata kunahitaji kipimo maalumu cha damu au cha jeni ambacho hakifanywi katika huduma za kila siku. Tena kutougua si ushahidi wa kuwa nayo, kwa sababu watoto wa nyumba moja hutofautiana kwa mambo mengi, kuanzia idadi ya mbu waliowauma.

Kuhusu chandarua, tafadhali kisiondoke hata usiku mmoja. Asilimia 74 si 100, na kinga hiyo ni dhidi ya malaria kali. Hata mwenye nakala mbili ana chembe nyingi zilizolegea ambazo vimelea vinaweza kuziingia, maana mvutano unaozungumzwa ni wa wastani. Mtoto akipata homa, apimwe siku ileile, awe na Dantu au asiwe nayo.

DaktariMtarajiwa

Nashukuru kwa jibu hilo la mwisho. Naomba tuendelee na upande wa pili: chembe ikishaingiliwa, kani zinaifanyia nini? Na selimundu nayo tunaweza kuisoma kwa jicho hilihili?

MwalimuWaPwani

Ndiyo, na hapa mambo yanageuka. Kimelea kilichohitaji utando mlegevu ili kiingie huanza kuukakamaza baada ya kuingia. Katika saa 48 za kukua kwake, hutuma protini zake mpaka kwenye ule wavu wa spektrini, zikaufunga na kuukaza, na juu ya utando hutokeza vinundu vidogo ambavyo hubeba protini za kunata kwenye kuta za mishipa. Chembe ya namna hiyo ikifika bandama haipiti, itaharibiwa. Kwa hiyo kimelea hukwepa bandama kwa kuing'ang'aniza chembe kwenye ukuta wa kishipa, na lazima mshiko huo ushinde msukumo wa damu inayopita. Yanapotokea hayo katika vishipa vya ubongo, damu huziba, na hiyo ni sehemu kubwa ya chanzo cha malaria ya ubongo. Mtoto anaugua kwa sababu ya chembe zilizokakamaa na kunata, si kwa sababu ya sumu peke yake.

Katika selimundu kani hutoka ndani. Badiliko la asidi-amino moja katika himoglobini, ambapo glutamiki imeondoka na valini ikakaa nafasi ya sita, huzifanya molekuli za himoglobini zishikane zikikosa oksijeni. Hujipanga kuwa nyuzi ngumu zilizosokotwa, na nyuzi hizo zikirefuka huusukuma utando mpaka chembe ikachukua umbo la mundu. Oksijeni ikirudi nyuzi huyeyuka, lakini kila mzunguko huuchosha wavu, na baada ya mizunguko mingi zipo chembe ambazo haziwezi tena kurudi umbo la kawaida hata zikipewa oksijeni tele. Kwa mwenye nakala moja tu ya jeni hiyo, hali hiyo haitokei kwa urahisi. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, ndiye aliyeonyesha mwaka 1954 kwamba watu hao hukingwa dhidi ya malaria.

MtaalamuWaMaabara

Nimeridhika na hoja ya vishikio. Swali langu la mwisho: chembe nyekundu haina kiini. Je, seli zenye kiini nazo huhisi kani, au huu ni upekee wa damu?

MwalimuWaPwani

Huhisi, tena kwa vyombo vingi zaidi. Nitataja vichache, kwa kuwa kila kimoja kinastahili uzi wake.

Mwaka 2010 Ardem Patapoutian na Bertrand Coste, wakiwa Marekani, walitambua protini mbili walizoziita Piezo, ambazo ni milango katika utando inayofunguka utando unapovutwa na kuruhusu kalisiamu kuingia. Patapoutian alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021 pamoja na David Julius. Piezo ya 1 ipo pia katika chembe nyekundu: ikifunguka, kalisiamu huingia, potasiamu hutoka, maji huifuata, na chembe husinyaa. Panya waliopewa Piezo inayokawia kufunga walionekana kukingwa na malaria ya ubongo, jambo linaloturudisha palepale tulipoanzia.

Katika seli zinazoshikamana na tishu, kuna protini iitwayo talini iliyokaa kati ya vishikio vya nje na nyuzi za aktini za ndani. Ikivutwa kwa kani ya pikonyutoni 5 hivi, sehemu zake zilizojikunja hufunguka, na ndani yake hujitokeza mahali ambapo protini nyingine, vinkulini, hushika na kuimarisha kiungo. Kwa maneno mengine, kani huifungua protini ikawa na kazi ambayo haikuwa nayo kabla ya kuvutwa. Nyuzi za aktini nazo hufika mpaka kwenye ganda la kiini, ambalo limeimarishwa na protini ziitwazo lamini. Tishu ngumu kama mifupa zina lamini A nyingi kuliko tishu laini kama ubongo. Mwaka 2006 ilionyeshwa kwamba seli za shina, yaani zile ambazo bado hazijawa za aina maalumu, zikioteshwa juu ya jeli laini kama ubongo huelekea kufanana na seli za neva, juu ya jeli ya ugumu wa msuli huelekea msuli, na juu ya ngumu zaidi huelekea mfupa, ingawa chakula zilichopewa ni kilekile.

BintiFizikia

Mwalimu, moja la mwisho kabla sijaenda kulala. Umesema damu ya mtu mmoja ina chembe za mivutano tofauti. Tofauti hiyo inatoka wapi, ikiwa jeni ni zilezile?

MwalimuWaPwani

Inaelekea umri unachangia, dada. Damu uliyo nayo usiku huu ina chembe zilizozaliwa jana na zilizozaliwa miezi mitatu iliyopita. Katika siku zake 120 chembe hupoteza vipande vidogo vya utando, hupungua ujazo, na wavu wake huzeeka kwa kunyooshwa na kubanwa maelfu ya mara katika vishipa na bandama. Kwa hiyo kila chembe hubeba historia ya kani zilizoipitia, na merozoiti akitua juu yake anakutana na historia hiyo. Usiku mwema.